Gari Chongo la Mbaraka Shekighenda

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina shauri limenishinda kulikata peke yangu, nami nataka mnisaidie.

Walikuwapo wanawake watatu katika milima ya Usambara. Wa kwanza aliitwa Mwamvua Shemhilu, mchukuzi wa kuni na nguzo. Mgongo wake ulikuwa na nguvu hata wapasua mbao, wakikutana naye njiani, walimpisha yeye. Wa pili aliitwa Hidaya Mbelwa, msusi. Vidole vyake vilikuwa na macho. Aliweza kusuka kichwa kizima huku uso ameuelekeza mlangoni akiteta na wapita njia, na mistari ikatoka imenyooka. Wa tatu aliitwa Zamda Hozza, mfuga kuku, mwenye pikapu kuukuu. Kipawa chake kilikuwa moyoni: alipoombwa kitu, mkono wake ulikuwa umekwisha kutoa kabla kichwa hakijaanza kupiga hesabu.

Sasa, huko Mlalo alikuwako mkulima wa viazi, Mbaraka Shekighenda, aliyenunua gari dogo la kisasa. Siku moja taa ya kulia ikazimika. Wengi husema taa imeungua, lakini taa ni chombo chote pamoja na kioo chake. Kinachoungua ni balbu. Mbaraka alikwenda kwa fundi mjini Lushoto. Fundi akafungua boneti, akachungulia, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akautoa umechubuka.

"Balbu yenyewe ni kitu kidogo," akasema. "Kazi ni kuifikia. Betri imekaa hapa, boksi la hewa limekaa pale, na mkono haupiti. Ama tushushe bampa zima, ama tuvue gurudumu tuingilie kwa chini."

Akataja bei. Mbaraka alikuwa ametoka kuuza mbuzi sokoni, na bei ilikuwa ile ile ya mbuzi.

"Mbuzi mzima kwa balbu?"

"Balbu nakuuzia kwa bei ya yai, mzee. Mbuzi ni wa mkono."

Mbaraka alinunua balbu, akaitia katika droo ya gari, akaenda zake. "Taa moja inatosha," akamwambia mkewe, Salha. "Tena hilo jicho lililobaki linaona vizuri kuliko mawili."

"Ukipenda chongo, huita kengeza," Salha akajibu. Lakini nusu ya magari ya mlimani yalikwenda hivyo hivyo, kwa jicho moja, na hakuna aliyeshangaa.

Ikafika siku ya Salha kujifungua. Muuguzi wa zahanati akampapasa tumbo, uso ukambadilika. "Mtoto amelala kingamo," akasema. "Hapa hatazaliwa. Mpelekeni Lushoto akapasuliwe, leo hii. Msikae."

Ilikuwa alasiri, na ukungu ulikuwa umeshuka. Nyinyi mnaoujua ukungu wa Usambara mnajua kwamba hauji kama moshi; huja kama blanketi. Mbaraka aliendesha, Salha amelala kiti cha nyuma akikaza meno. Giza lilikuwa limekwisha kuingia walipofika kwenye kona ya Kwefundo, penye ukuta wa mwamba upande huu na bonde upande ule, balbu ya kushoto nayo ikafa.

Mbaraka akawasha taa za mbali. Zikawaka, lakini mwanga ukagonga ukungu ukamrudia usoni. Akazizima. Hakuiona hata pua ya gari.

Akatoka, akafungua boneti, akachukua ile balbu ya kwenye droo. Akalazimisha mkono kati ya betri na mwili wa gari. Mkono ukakwama, vidole vikafunguka, balbu ikaanguka juu ya jiwe. Aliusikia mlio wake, kisha akamsikia Salha akiguna.

Ndipo Mbaraka akapaza sauti ukunguni: "Jamani, mke wangu anakufa! Atakayeniwashia taa hii, mtoto wangu ataitwa kwa jina lake!"

Hiyo haikuwa ahadi ndogo. Katika ukoo wa Mbaraka, bibi wa mtoto hulinong'ona jina sikioni siku ya saba, mara moja tu, nalo halibadilishwi mpaka kaburini. Wala sikio moja halitiwi majina mawili.

Wa kwanza kusikia alikuwa Mwamvua, aliyekuwa akipanda na nguzo ya mkalitusi begani. Mbaraka akamweleza maneno ya fundi.

"Jeki iko wapi, shemeji? Tuvue gurudumu; balbu tutaomba kwa gari litakalopita."

"Nyumbani. Inashikilia ghala la mahindi lisianguke."

"Haya. Ghala limepona, sasa tumponye mtu."

Wakamteremsha Salha, wakamlaza juu ya kanga kando ya mwamba. Mwamvua akakita ncha moja ya nguzo penye ufa wa mwamba, akaipitisha chini ya gari, akaingiza bega chini ya ncha ya pili. Akainuka. Gari likainuka naye. Mbaraka akavua gurudumu, akabandua plastiki ya kuzuia matope, na nyuma yake pakaonekana tundu jeusi. Muda wote huo Mwamvua alisimama. Ndani ya kiuno chake kitu kililia kama kijiti kikavu, naye hakushusha. Tangu siku hiyo hajabeba tena hata mzigo wa kuni.

Hapo pikapu ya Zamda ikatokea, ikipanda kuelekea Mlalo, nayo ina taa moja. Nyuma ilikuwa na maboksi ya vifaranga waliototolewa asubuhi ile, akiba yake yote ya mwaka. Kando yake alikaa Hidaya, aliyekuwa akienda kumsuka bibi harusi.

"Mpakie mgonjwa humu," Zamda akasema, kisha mwenyewe akatazama barabara. Pale magari hupishana kwa kukunja vioo vya pembeni, kugeuka haiwezekani.

"Balbu yako ni ya namna gani?" akauliza. Mbaraka akamwonyesha kitako cha ile iliyovunjika. Zamda akafungua boneti lake. Pikapu ile ni ya zamani: unazungusha kifuniko, unatoa. Akaichomoa balbu yake pekee iliyokuwa nzima, akaikabidhi. Gari lake likawa kipofu. Alikesha pale akiwafunika vifaranga kwa gauni, koti na mablanketi ya kiti, na baridi ikawaua karibu wote.

Balbu ikapatikana, njia ikapatikana, lakini mkono wa Mbaraka ulikuwa ule ule.

"Sogea, baba," Hidaya akasema. "Wewe umezoea kung'oa viazi."

"Usishike kioo chake," Zamda akamwonya. "Mikono yako ina mafuta ya nazi. Balbu itaungua upesi."

Hidaya akaishika balbu kwa ncha ya mtandio, akajilaza ubavu matopeni, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa. Alifumba macho. Akapapasa soketi, akapapasa kibanio cha waya chenye makali, akakikunja kukifungua. Kikamrukia, kikamkata vidole viwili hadi kwenye mfupa. Hakuutoa mkono. Akapachika balbu, akakirudisha kibanio mahali pake, damu ikimteremka mpaka kwenye kiwiko. Mwanga ukatoka, wa manjano, mfupi, ukaiona barabara. Bibi harusi alisukwa na mtu mwingine, na vidole vile viwili mpaka leo havihisi unywele.

Mbaraka akafunga gurudumu, Mwamvua akalishusha gari. Mbaraka akamrudisha Salha garini, akaendesha kama aliyepewa roho mpya. Daktari alisema kwamba kama wangechelewa kidogo tu, Mbaraka angewazika mama na mtoto. Akazaliwa msichana, analia kwa hasira.

Siku ya saba wote watatu walifika. Bibi wa mtoto, Mwanahawa Shekighenda, alikuwa amempakata mjukuu.

"Gari haliinuki kwa huruma," Mwamvua akasema. "Bila mgongo wangu mngekuwa mnalitazama gurudumu hadi sasa."

"Na ukishaliinua, ungemulika kwa mgongo?" Zamda akauliza. "Kilichowaka ni changu. Nyinyi mlitoa kazi, mimi nilitoa macho yangu."

"Balbu mkononi ni kioo tu, dada yangu," Hidaya akasema, akikificha kidonda ndani ya kanga. "Aliahidi kwa atakayewasha. Nani aliwasha?"

"Nyote mnasema kweli," Mbaraka akasema, jasho likimtoka.

"Wewe nyamaza," Salha akamwambia. "Wewe na jeki yako."

Watu wakacheka. Bibi Mwanahawa hakucheka. Ameinamisha mdomo kwenye sikio la mtoto. Mwamvua anajishika kiuno. Zamda anatazama mlango. Hidaya ameficha mkono. Jina ni moja, na likishatoka halirudi.

Bibi ameinua macho anatutazama sisi. Nikuulize wewe uliyekaa karibu nami: ungemnong'onea jina gani?