Kupe, Kiboko na Viganja vya Kichwani

Ngano hiyooo!
Ije!
Ije na nini?
Ije na meno!
Basi tulieni. Mwenye kikohozi akakohoe nje.

Palikuwa na Kiboko, tumbo pipa, haya hana. Kila asubuhi alitoka mtoni, gu! gu! gu!, akaingia kwenye jaruba la mpunga, akala, akakanyaga, akarudi majini kulala. Nyuma ya sikio lake aliishi Kupe, na Kupe alikuwa ametaga mayai kwenye nyasi za jaruba lile lile.

"Bwana Mkubwa, pita pembeni," Kupe akaomba. "Wanangu wamo humo. Siku saba tu, watatoka."

"Wanao? Kidudu nawe unazaa? Mimi nina njaa."

"Hata jana ulikuwa nayo."

"Na kesho nitakuwa nayo. Nyamaza huko!"

Kupe hakulia. Machozi ya kupe yamloweshe nani? Akasikiliza. Anayeishi sikioni husikia ya kichwani, na kichwani mwa Kiboko seli za ubongo zilikaa kama majirani wasioamkiana. Moja ilijua harufu ya mpunga. Moja ilijua maumivu. Kati yao palikuwa na ufa mwembamba. Kila moja ilinyoosha mkono gizani, na mkononi mna viganja vidogo vya kunata, vinapapasa: ni wewe? Siye. Ni wewe? Siye. Kiganja kikikosa mwenzake hujikunja, kikarudi. Kikimpata anayelingana naye hukamata ndi! Hapo ndipo majirani huanza kuzungumza.

"Kumbe wanataka wa kuwaita pamoja tu," Kupe akasema.

Asubuhi ya kwanza Kiboko akanusa mpunga. Ng'a! Kupe akang'ata.

"Aii! Nini hicho?"

"Upepo, Bwana Mkubwa."

Ndani, viganja vikagusana, vikaachiana.

Asubuhi ya pili akanusa. Ng'a!

"Aii! Upepo tena?"

"Wa huku una meno."

Ndani, viganja vikashikana kidogo.

Akanusa, ng'a! Akanusa, ng'a! Viganja vikakamata ndi, vikaita vingine, navyo vikakamata. Kiboko alikula huku akiruka, na kila siku unyayo wake ulisogea karibu na mayai.

Siku ya sita taya za Kupe zikafa ganzi. Akajaribu kung'ata, wapi! Kiboko akaja, gu! gu! gu!, akanyanyua mguu juu ya mayai yenyewe. Kupe akafumba macho.

Kiboko akanusa.

"Aiiii!"

Akageuka mbio mpaka mtoni, na hakuna aliyemgusa.

Kule akawaambia wanyama, "Mpunga nimeuacha kwa hiari yangu. Nimewahurumia wadogo." Wakampigia makofi. Kupe naye akapiga, kwa miguu yote minane.

Kesho yake mayai yakapasuka, watoto mia mbili.

"Haya, pandeni," mama yao akasema. "Mwenye huruma ana sikio la pili."

Ngano imeshiba, imelala, aliyesinzia imempita. Funzo lake ni hili: wakubwa hujirudi wenyewe kwa wema wa mioyo yao. Nyie msiwang'ate.