Mzambarau wa Bi Nyamvula na Jiko Lenye Mdomo Mdogo

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni. Hapo zamani za kale, kuku waliposema na watu wakawajibu, aliishi mjane mmoja, Bi Nyamvula. Marehemu mumewe, Masudi, Mungu amrehemu, alimwachia vitu viwili: mafiga matatu jikoni na mzambarau uani.

Mafiga yale yalikuwa na njaa! Asubuhi, "Tupe kuni!" Adhuhuri, "Tupe kuni!" Magharibi, "Tupe kuni!" Yakamaliza kichaka chote. Likabaki gogo moja, na mzambarau.

Jirani yake mfinyanzi, Mejumaa, akamletea jiko la udongo. "Shoga, hili linakula kidogo."

"Kwa mdomo huu?" Bi Nyamvula akaguna. Akasema bismillahi, akalishindilia gogo zima. Jiko likakohoa, likafuka moshi, moto ukafifia.

"Bibi," akasema kuku wake, macho yakimtiririka, "unalilisha au unaliziba? Hata mimi ukinisukumia muhogo mzima nitakufa."

"Nyamaza, nisikutie chunguni!"

"Kwa moto upi?"

Bi Nyamvula akalichomoa gogo, akayapa mafiga. Yakalimeza, na uji haujachemka. "Tupe kuni!"

Akashika shoka, akaenda uani, machozi yanamtoka. "Masudi, nisamehe. Uliupanda siku ya harusi yetu."

Akaanza na tawi kavu lililoinamia mlango wa jikoni. Pa! Pa! Pa! Vibanzi vikaruka. Kuku akavichakura kwa miguu, akavirushia mdomoni mwa lile jiko la udongo pale mlangoni, juu ya makaa yaliyosalia: kimoja, viwili, vitatu. Moto ukawaka, safi, bila moshi.

"Bibi, lete chungu! Na kifuniko chake!"

Bi Nyamvula akaweka shoka chini, akabandika chungu, akafunika. Akageuka kulichukua tena shoka. Kabla hajaliinua, uji ukatokota.

Akatazama vibanzi. Akatazama mzambarau. "Alhamdulillahi," akasema polepole. "Kumbe mlafi nilikuwa mimi."

"Mimi sikusema," kuku akajibu. "Nilifikiri tu."

Mafiga akayahamishia kivulini, chini ya mzambarau. Jioni Bi Nyamvula hukalia moja akila zambarau. Kuku hulala juu ya la pili.

La tatu halikaliwi na mtu. Bi Nyamvula hulipangusa vumbi kila siku, kwa ajili ya Masudi.

Hadithi yangu imechemka, imeiva, naiepua hapo.