Shogi la Nubeti na Mkwewe

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni karibu, maana hadithi hii ina mbio, na atakayesinzia ataachwa na maji.

Hapo kale, kale ya kale, katika nchi ya Misri, kando ya Mto Naili, palikuwa na mjane aitwaye Nubeti, na mke wa mwanawe, Tameri. Wote wawili walikuwa wasusi. Nubeti alizungusha nyasi duara juu ya duara, akazishona kwa ukindu zikawa ngumu kama ubao. Tameri alisuka majani ya mtende yakawa ukili, utepe mpana, laini, akauunga upande kwa upande. Na kila mmoja aliidharau kazi ya mwenzake.

"Vikapu vyako vinalegea kama matambara," alisema Nubeti.

"Na vyako, mama, havimaliziki mpaka mtu azeeke," alijibu Tameri.

Mwaka huo wanaume wote walikwenda kuchonga mawe milimani. Mbegu ya shayiri ya kijiji kizima ilikuwa shimoni, kule bondeni, na Nubeti ndiye aliyeachiwa kuitunza. Asubuhi moja bata bukini akatua uani anahema.

"Maji yanakuja, yanakuja, yanakuja. Mwaka huu mto haukungoja msimu. Jua likitua yatakuwa shimoni."

Mama na mkwewe wakakimbilia bondeni na punda wao. Wakampakia mtungi wa shayiri, ukateleza, ukavunjika. Wakampakia wa pili, ukavunjika. Wakampakia wa tatu, vigae vitupu.

Punda akasema, "Mgongo wangu mviringo, na mitungi yenu mviringo. Havipatani. Nipeni kitu kitakachonikumbatia."

Tameri akarudi mbio nyumbani, akatoa ukili aliousukia mkeka. Akashona makapu mawili, akayaunganisha kwa mkanda, akamtupia punda mgongoni, moja huku, moja huku, likawa shogi. Wakajaza shayiri. Hatua ishirini tu, chini kukapasuka, mbegu ikamwagika mchangani.

Nubeti akaitazama mbegu, akayatazama maji, tayari yanalamba mashina ya mitende. Akaenda nyumbani, akarudi na masinia yake ya nyasi.

"Haya yashone chini," akasema. "Yangu yabebe uzito, yako yafuate mwendo."

Wakashona kwa sindano za mfupa, wakashona mpaka vidole vya Tameri vikatoka damu. Safari hii shogi likashika.

Punda akapanda kilimani, akashuka. Akapanda, akashuka. Akapanda, akashuka, na maji yakawa yanamfika magotini. Mzigo wa mwisho ukajaza upande mmoja tu, na punda akaanza kuinamia upande huo.

"Ingia upande wa pili, mama," akasema Tameri.

"Mimi si shayiri."

"Miguu yako haitauweza mkondo huu. Na bila wewe, mbegu itaanguka. Ingia, mama."

Nubeti akaingia, magoti kidevuni. Tameri akatangulia na kamba, maji kiunoni, kisha kifuani, na punda nyuma yake anakoroma. Walipokanyaga nchi kavu wakageuka: shimo halionekani tena, mto mtupu. Lakini mbegu ya kijiji ilikuwa kilimani, yote isipokuwa ile iliyomwagika.

Nubeti akatoka kapuni, akavishika vidole vya mkwewe, akavipuliza kimoja kimoja.

"Kesho, mwanangu, nifundishe ukili wako."

"Na wewe, mama, nifundishe duara lako."

"Na mimi," akasema punda, "kesho msiniamshe."

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mgongo na aibebe.