Nambewe, Mzaa Jina la Hatekwi

Enyi Hatekwi mliokusanyika, mliozaliwa ndani ya jina hili na mlioingia kwa ndoa, tulieni niwasimulie habari za aliyewatangulia. Ilikuwa zama zile ambapo pwani ilikuwa ya mabwana na matanuu yao ya kuchomea chokaa, na bara ilikuwa na njia nyekundu ambazo watu waliteremshwa kwazo wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo. Katika zama hizo alizaliwa Nambewe binti Chitundu, Myao wa ng'ambo ya Ruvuma, na Chitundu alikuwa mwana wa Mkwinda, na kabla ya Mkwinda hatujui, kwa maana aliyekuwa akiijua nasaba hiyo aliuawa siku kijiji kilipochomwa. Huyo ndiye Nambewe Mvunja Matumbawe, Nambewe Mgongo wa Jabali, mwanamke ambaye hakuzaa mtoto hata mmoja, nasi sote ni wanawe.

Alitekwa akiwa hajavunja ungo. Alipofika pwani alinunuliwa na Bwana Khelefu bin Nasoro, mwenye matanuu, aliyekuwa na desturi ya kuwapa watu majina kama mtu apendavyo kumpa paka wake. Mmoja alimwita Sikitu, mwingine Hazijui, mwingine Songoro. Nambewe alimwita Tufaha.

Nambewe hakuitika. Aliitwa asubuhi, hakugeuka. Aliitwa kwa fimbo, hakugeuka. Hata siku moja Bwana Khelefu mwenyewe akasimama mbele yake, akamwambia, "Tufaha! Hunisikii?"

Akajibu, "Namsikia Bwana akimwita mtu. Mtu huyo simjui."

Alipigwa kwa jibu hilo, naye hakubadili neno. Miaka ikapita akivunja mawe ya matumbawe na kuyabeba kwa kichwa hadi kwenye tanuu, na kazi ile iliyokusudiwa kumvunja ikamjenga, mabega yakatanuka, mgongo ukawa kama mwamba, mpaka mawe yaliyowashinda wanaume wawili yeye akayanyanyua peke yake bila kuguna.

Basi akatokea mwanamke wa Kingindo, mjamzito, aliyeanguka na mzigo wa chokaa ukamwagika. Bwana Khelefu akaamuru afungwe kwenye nguzo juani, wenzake wamwone. Nambewe akaweka jiwe lake chini. Hakuomba, wala hakulia. Aliikumbatia ile nguzo, akaiyumbisha mara hii huku na mara hii kule, akaing'oa ardhini, akamfungua yule mwanamke na kumweka mgongoni, akaitia nguzo begani, akatoka langoni jua likiwa utosini, walinzi wakimtazama. Wale walinzi walikuwa na bunduki. Waliulizwa baadaye kwa nini hawakupiga, wakasema mikono yao ilisahau.

Alikwenda hadi Chengwani, kilima cha miiba katikati ya nyika, mahali ambapo pwani hapaonekani wala hapasikiki. Hapo akaisimika ile nguzo, nayo ikawa mhimili wa lango la boma. Watoro wakasikia. Wakaja Wayao, wakaja Wanyasa, wakaja Wamakua na Wangindo, kila mmoja na lugha yake na makovu yake. Lakini maji yalikuwa mbali, na mioyo ilikuwa mbali zaidi. Waligombania kivuli, waligombania kuni. Kila mtu alikuwa na kabila, na hakuna aliyekuwa na ukoo. Na watu wa nje waliwaita wote kwa neno moja tu, watoro, kana kwamba walizaliwa wakikimbia.

Katika mwaka wa ukame Nambewe alikwenda kutafuta maji, pamoja na Mapupu, Mngindo mwenye hasira za karibu na mkono mwepesi wa upinde. Wakamkuta Mzungu amelala chini ya mti wa miiba, homa imemla, midomo imepasuka. Wapagazi wake walikuwa wamemwacha.

Mapupu akasema, "Mwache afe, Bi Nambewe. Rangi hii haijatuletea heri."

Nambewe akasema, "Huyu ameachwa njiani na wenziwe. Nitajie mtu mmoja bomani kwetu ambaye hakuachwa njiani." Kisha Nambewe Mgongo wa Jabali akainama, akambeba.

Mzungu yule alikuwa Mwingereza, fundi wa visima, jina lake Yosia Hattwick. Alipopata nafuu alizunguka kilima akigonga ardhi kwa kisigino na kusikiliza, kisha akachora alama ya msalaba kwa mkaa juu ya mwamba, akasema maji yapo chini yake. Watu walicheka. Nambewe hakucheka. Alichukua mtaimbo, akaanza. Wakachimba naye Wayao na Wamakua, wakachimba Wanyasa na Wangindo, na kifusi cha mawe kikarundikana karibu na lango mpaka kikawa kilima juu ya kilima. Na kwa kuwa mtu aliye chini ya shimo hawezi kugombana na aliyeshika kamba juu, ugomvi wa kuni ukasahauliwa.

Siku moja walipokuwa wakipumzika, Nambewe akamuuliza habari za kwao. Fundi Yosia akaeleza kuwa katika nchi yake kila ukoo una jina, nalo hushuka kwa baba hadi kwa mtoto. Yako majina yaliyojaa kila mji. Jina lake yeye halikujaa popote. Kale lilikuwa jina la zizi la ng'ombe la mtu aitwaye Hatta, kisha likawa la kijiji kilichoota kando ya zizi, kisha likawa la watu wa kijiji kile, na hapo likakaa, katika bonde moja la matope, ukingoni mwa mto ambao wakati wa baridi huganda ukawa jiwe.

"Sisi tulijivunia kutohama," akasema. "Tulioana ng'ambo ya ua na kuzikwa ng'ambo ya ua. Kisha mto ukafurika, na nyuma ya mafuriko kikaja kipindupindu. Nilikuwa mbali nikichimba kisima cha watu wengine. Niliporudi, jina lote lilikuwa chini ya udongo. Nikifa mimi, mama, hakuna atakayeitwa hivyo tena chini ya jua."

"Jina lenyewe nani?"

"Hattwick."

"Hatekwi?"

"Hattwick," akarudia.

Nambewe akacheka, na waliokuwapo husema hawakuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Akamwambia, "Fundi, unajua umesema nini? Kwa lugha yetu umesema mtu huyu hachukuliwi mateka. Hatekwi! Na umekaa nalo moyoni siku zote hizi, sisi tukilihitaji!" Kisha uso wake ukatulia, akasema kwa sauti ambayo hata walio ndani ya shimo waliisikia: "Nipe jina hilo. Wewe una jina lisilo na watu. Mimi nina watu wasio na jina."

Fundi Yosia akampa mkono. Akasema, "Chukueni. Lakini, mama, usilikalishe mahali pamoja. Mto mmoja ulitutosha."

Maji yalipatikana masika yalipokuwa bado hayajaja. Fundi aliyanywa akiwa ameketi ukingoni, akasema ni matamu, na homa ikamrudia ikawa kali kuliko ya kwanza. Alipokufa walinyoa nywele zao kwa ajili yake, kama watoto wanavyomnyolea baba aliyekufa, wakamlaza kando ya kisima chake.

Habari za maji zikafika pwani, na Bwana Khelefu akajua watu wake wako wapi. Akaja na jeshi, bunduki mbele na kamba nyuma. Akaja pia na Mwingereza mmoja wa serikali, mwenye kofia ngumu na Kiswahili cha Unguja, ili aseme kuwa haki imetendeka. Wakasimama mbele ya lango, mnadi akatoka akaanza kuita.

"Sikitu!"

Kimya.

"Hazijui! Songoro! Faida!"

Kimya. Wote walikuwa pale juu ya boma, wakimtazama, na kila mmoja aliyeitwa alikuwa amefumba mdomo.

"Tufaha!"

Nambewe akatoka nje ya lango peke yake. "Bwana, hapa hakuna hao. Hapa kuna Hatekwi."

Na nyuma yake sauti zikatoka, hazikupangwa, hii ya mwanamume, hii ya mwanamke, hii ya mtoto yule aliyetoroshwa akiwa tumboni: "Mimi Hatekwi." "Mimi Hatekwi." Mapupu alilisema kwa sauti kuu kuliko wote.

Yule Mwingereza akasogeza punda wake mbele. "Hattwick mchimba visima? Yuko wapi?"

"Amelala kando ya maji."

"Ana watoto?"

"Unawaona."

Mwingereza akakunja uso. "Yule alikuwa mtu mmoja, tena mweupe. Wewe umewezaje kuwa wake?"

Nambewe akamnyooshea kidole Khelefu. "Muulize kwanza huyu, mimi niliwezaje kuwa wake. Hakunizaa. Hakunichimbia maji. Sikumnyolea nywele baba yake. Aliponiita mali yake hukuuliza lolote. Leo nimejichagulia baba, ndipo unataka ushahidi?"

Mwingereza alitazama kisima kupitia langoni, akatazama kaburi, akasema, "Bwana Khelefu, mimi sitatia mkono wangu katika jambo hili." Akageuza punda, akaenda zake. Hakutusaidia, msiambiwe kuwa alitusaidia. Aliondoka tu.

Nambewe akarudi ndani, lango likafungwa, na Bwana Khelefu akaamuru livunjwe. Watu wake wakaleta gogo, wakaligonga lango, lango likalia, na kufuli ya mti ikakatika. Ndipo Nambewe alipogeuka, akaweka mgongo wake kwenye ubao na miguu yake kwenye ile nguzo ya tanuu iliyokita ardhini upande wa pili, akajifanya kufuli yeye mwenyewe. Gogo likapiga, naye akasimama. Risasi ikapenya ubao ikamvunja bega la kushoto, naye akasimama. "Mawe!" akapiga kelele. "Tumechimba mawe ya nini?" Nao wakakumbuka kifusi cha kisima, wakapanda juu yake, wakaliteremshia jeshi lile mwamba wote walioutoa ardhini, jiwe kwa jiwe, huku Mapupu akiwapiga mishale waliojaribu kukimbilia kivuli. Jua likapanda. Maji yote ya nyika yalikuwa ndani ya boma. Kabla ya alasiri jeshi la Khelefu lilikuwa limetawanyika, kila mtu kwa njia yake, nao wakamwacha bwana wao amelala mavumbini, mguu umevunjika.

Nambewe akamwendea, mkono mmoja ukining'inia, mwingine umeshika kata iliyojaa maji. Akaketi mbali kidogo naye.

"Niite," akamwambia.

Bwana Khelefu akatazama maji. "Tufaha."

Nambewe akayamwaga chini, mchanga ukayanywa. Akarudi kisimani, akajaza tena, akaketi palepale. "Niite."

"Wewe mwanamke..."

Akamwaga. Mapupu akasema, "Bi mkubwa, tumalize kazi." Akamjibu, "Hii ndiyo kazi." Akajaza tena, akaketi.

Midomo ya Khelefu ilikuwa imepasuka. Akasema polepole, kama mtoto anayejifunza kusema, "Nambewe."

"Wa nani?"

Bwana yule akafumba macho. "Nambewe Hatekwi."

Akampa kata, akanywa hadi tone la mwisho. Kisha wakamfunga gango la vijiti mguuni, wakampandisha juu ya punda aliyeachwa, wakamwelekeza pwani akalitangaze jina hilo huko.

Mngedhani baada ya hapo tungekaa Chengwani tukila raha. Lakini Nambewe hakuwa amesahau ule mto. Bega lilipofunga, lisiinuke tena maisha yake yote, aliwaita watu akaanza kuwagawa. Mapupu akakasirika mpaka machozi yakamtoka. "Tumeipigania ardhi hii kwa damu, leo unatufukuza?"

"Sikufukuzi, ndugu yangu. Ninakupanda. Wakija tena watakuja na bunduki nyingi zaidi, na jina lililokaa shimo moja hufukiwa kwa jembe moja."

Basi Mapupu na watu wake wakaenda Mto Tana, na kizazi chao kiko huko hadi leo, walima migomba. Wengine wakapanda hadi Taveta. Wengine wakashika milima ya Upare, nyumba chache, upande wa mvua. Wengine wakateremka Lindi, na kutoka Lindi wawili wakavuka bahari hadi Ngazija, na huko wanalitamka kwa namna yao lakini ni lilelile. Naye akawafungia wote sharti moja: atakayemuuza mtu au kumnunua, jina limtoke, yeye na uzao wake. Wapo waliotokwa. Ndiyo maana sisi ni wachache. Mtu anaweza kutembea mwezi mzima asimkute Hatekwi hata mmoja, kisha akabisha hodi mlango wa ugenini akaitikiwa na ndugu.

Nambewe alibaki na kisima mpaka nywele zikawa nyeupe. Kisha akasema sehemu moja bado haijapandwa, akachukua fimbo, akashika njia ya kusini. Zama zile Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameweka askari kwenye vivuko vya Ruvuma. Mpiga kasia aliyekuwapo alisimulia kuwa askari alimzuia kikongwe mmoja mwenye bega lililolala, akamuuliza kabila.

"Myao."

"Jina?"

"Nambewe Hatekwi."

Askari akacheka. "Hilo si jina la Kiyao, bibi."

Kikongwe akaingia mtumbwini, akaketi. "Nikishafika ng'ambo litakuwa la Kiyao."

Akavushwa, akapanda ukingo, akaingia kwenye matete, na hakuna aliyemwona tena. Kaburi lake halijulikani. Ila ng'ambo ya mto ule wapo Hatekwi leo, nyumba baada ya nyumba, na ukiwauliza walilipata wapi jina, wanakuonyesha matete.

Na alama aliyotuachia ni hii, mnaijua, lakini isemwe. Mwanamume akija kuposa kwetu, haulizwi ana nini wala ametoka kwa nani. Mlango hufunguliwa nusu, akaambiwa, "Mwite uliyemfuata." Akilitaja jina la binti lote, na la ukoo wake, mlango hufunguliwa wote na ngoma ikaanza. Akisema, "Nimefuata mke wangu," mlango hufungwa, naye hurudi alikotoka.