Kompyuta Haina Dawati la Nyuma

"Kompyuta haina dawati la nyuma." Ndivyo baba yenu alivyomwambia ndugu yenu Subilaga leo asubuhi, alipomkuta bado ana fomu zilizotakiwa kupelekwa jana. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka katika ukumbi niliokuwa nikiusimamia mimi mwenyewe. Kaeni niwaeleze.

Zamani mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi cha hapa mjini ulifanywa kwa karatasi. Mimi nilikuwa karani wa chuo, na kila mwaka nilipewa kazi ya kuusimamia. Muda ukiisha nilisema, "Kalamu chini!" kisha nikaanza kukusanya karatasi kutoka safu ya mbele. Goti langu lilikuwa bovu tangu wakati ule, kwa hiyo nilikwenda polepole. Waliokaa nyuma waliendelea kuandika mpaka niwafikie, na hizo zilikuwa dakika saba, hata nane. Nilijua. Nilijifanya sioni, kwa sababu niliwahurumia.

Habari zikaenea. Watahiniwa wakawa wanafika alfajiri kugombea madawati ya nyuma.

"Hapo pana mwenyewe, dada."

"Mwenyewe yuko wapi? Jina lake liko wapi?"

Walimu wa masomo ya ziada nao wakawafundisha hivyo: maswali magumu yaacheni mwisho, mtayamalizia mama akiwa njiani anakuja.

Kulikuwa na binti mmoja akiitwa Tumpe, wa kijiji cha juu kule kwenye mashamba ya viazi. Alikuwa amefanya mtihani huo mara mbili, na mara ya pili alikosa nafasi kwa alama moja tu. Chuo hakikupokea mtu aliyezidi miaka ishirini na tano, naye alikuwa ameshaifikisha. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwaka huohuo wakaleta kompyuta.

Tumpe hakuwahi kuigusa. Alijifunza siku mbili katika duka la kuchapia barua, akawa anaweza kusogeza kipanya na kubonyeza. Siku ya mtihani alifika wa kwanza kabisa. Nilipofungua mlango alinipita mbio, akaenda kukaa kwenye kompyuta ya mwisho, kwenye kona.

Nikawasomea masharti. Nilisema wazi, "Muda ukiisha, mtihani unajifunga wenyewe." Lakini jamani, mwaka hadi mwaka nilikuwa nikisema "Kalamu chini," na mwaka hadi mwaka kalamu ziliendelea. Nani angeniamini?

Kila mmoja alipewa karatasi ya rafu ya kufanyia hesabu. Pembeni mwa kioo cha kompyuta kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Ukumbi ulikuwa kimya, unasikia vidole tu na watu wakimeza mate.

Zilipobaki dakika kumi nilipita nyuma. Tumpe alikuwa amebakiza maswali matano, yale ya kukokotoa dawa ya mtoto kwa uzito wake. Alikuwa akiyafanya kwenye rafu, kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, na majibu akiyapigia duara. Kwenye kioo hakuwa amejaza hata moja. Sheria ilinikataza kumwambia mtahiniwa neno lolote. Nikakohoa. Nikasimama karibu na kioo chake, nikaikazia macho ile saa, nikidhani ataifuata. Akainua uso, akanitazama, akatabasamu. Alidhani namwambia, usiwe na wasiwasi mwanangu, mimi ni yuleyule.

Nikarudi mbele. Dakika tatu. Mbili. Bado ameinama kwenye rafu. Dakika moja. Akaweka kalamu chini, akavuta pumzi, akashika kipanya.

Vioo vyote vikageuka vyeupe kwa pamoja, yakatokea maneno: *Muda umekwisha.*

Tumpe akabonyeza. Akabonyeza tena. Akanyoosha mkono.

"Mama, hii yangu imezimika."

"Haijazimika, mwanangu. Muda umekwisha."

"Lakini bado hujanifikia!"

"Nikufikie wapi?"

"Huku nyuma, mama. Hata safu ya kwanza hujaanza."

Kijana mmoja wa safu ya mbele, Anyosisye, mpenda mzaha, akageuka kwenye kiti chake. "Dada," akasema, "kompyuta haina dawati la nyuma!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walikuwa wamebanwa na hofu saa mbili nzima, wangechekea chochote. Alama zikatokea pale pale, kila mtu na zake. Kuingia chuoni ilikuwa hamsini. Tumpe alipata arobaini na nane. Kicheko kilikatika kimoja kimoja, jinsi kila mtu alivyosoma za kwake.

Kilichobaki kukusanywa ni zile karatasi za rafu. Nikaanza mbele, kama kawaida yangu, nikamfikia Tumpe mwisho. Alinipa yake kwa mikono miwili, akachukua mkoba wake akatoka.

Nilikuwa naijua kazi hiyo miaka mingi, na kwa ukarani wangu karatasi ya majibu sahihi nilikuwa nayo. Nikayalinganisha nikiwa nimesimama. Yote matano yalikuwa sahihi. Nikaipeleka karatasi kwa mkuu wa chuo, nikamweleza, nikamwomba, nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Akayasoma yote matano. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama Sekela," akaniuliza, "sasa haya niyabonyeze wapi?"

Karatasi ikaenda kuchomwa pamoja na nyingine.

Jioni hiyo mzaha wa Anyosisye ulikuwa umeshafika sokoni, na kesho yake ulikuwa methali. Watu huitumia kumcheka mzembe. Tumpe hakuwa mzembe, wajukuu zangu. Alizitegemea dakika nilizomzoesha mimi, nami sikuwa nazo tena za kumpa. Kwa hiyo Subilaga, inuka upeleke hizo fomu sasa hivi. Kompyuta haina dawati la nyuma.