Kidole cha Thureya

Umewahi kuitazama ghuraiba kabla hujaitia mdomoni? Biskuti ile ya samli ina kishimo katikati, na kishimoni imekaa lozi. Kwa nini? Nilimsumbua bibi yangu kwa swali hilo tangu sijajua kufunga ushungi. Hakunijibu mpaka wiki niliyokuwa naolewa, mikono yake ikiwa imejaa unga.

Hapo kale, alisema, huko Arabuni, ghuraiba zote zilikuwa na uso mtupu. Mji ulikuwa na tanuri moja tu, na Ramadhani ikiisha kila mwanamke alipeleka sinia yake huko zikachomwe pamoja.

Mwaka huo aliolewa mjini mgeni, jina lake Thureya. Mila yao ilikuwa kali: Idi ya kwanza, mama mkwe huonja ghuraiba za mkaza mwana, na zikiwa ngumu, mke hurudishwa kwao. Naye Thureya alimpenda mumewe, kurudi hakutaka hata kusikia.

Basi tanurini sinia zikabadilishana. Asubuhi ya Idi, mama mkwe, Bi Shamsa, akauma moja, akashika shavu.

"Hii ghuraiba au kokoto? Funga mizigo yako!"

Thureya alilia. Kisha akasema, "Mama, hizi si zangu. Zangu nimezibonyeza kidole, moja moja. Kwetu hatuuamini unga mpaka tuubonyeze."

Bi Shamsa alikuwa mkali, lakini udaku ulimzidi ukali. Akajitanda, akamshika mkaza mwana mkono, wakaenda nyumba hadi nyumba. Ya tatu walimkuta Bi Ghaniya akipokea sifa za wageni bila haya, mbele yake sinia ya ghuraiba zenye vishimo. Bi Shamsa akakitia kidole cha Thureya kishimoni. Kikaenea sawasawa. Akaonja, ikayeyuka kabla hajamaliza bismillahi.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka.

Idi iliyofuata hakuna aliyepeleka uso mtupu. Huyu alitia lozi kishimoni, yule akachomeka karafuu, na habari ilipofika mbali, Washamu wakaikunja kama pete, Wamaghribi wakaacha uso upasuke.

Na tangu siku hiyo ghuraiba ina alama ya mwenyewe, ingawa leo kila nyumba ina oveni yake.

Bibi akanisogezea sinia.

"Bonyeza na wewe," akasema. "Huko uendako hawakujui bado."