Mwanamke Asiyekaa Msibani

Wapendwa, kabla sijaanza naomba mkumbuke darasa la fasihi. Mwalimu anasoma hadithi, anafunga kitabu, kisha anauliza: mhusika mkuu ni nani, ana sifa gani, na ujumbe wa hadithi ni upi? Mimi nilikuwa wa kunyoosha mkono haraka. Leo nitawasimulia hadithi fupi, nami nitauliza maswali yale yale. Ila msijibu upesi kama nilivyokuwa najibu mimi.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyehamia mtaa fulani pamoja na mama yake mzee, ambaye alikuwa haoni na hatoki kitandani. Mtaa ule, kama mitaa yetu, ulikuwa na desturi: mtu akifiwa, kazi zinalala. Wanaume wanachukua machepe na sururu, wanawake wanabeba masufuria, na watu wanakaa chini ya turubai mpaka wafiwa wapate nguvu ya kusimama. Mwanamke huyu hakukaa. Katika miaka sita mtaa ulipata misiba kumi na moja. Nasema kumi na moja, sisemi mingi, kwa sababu watu walikuwa wanahesabu. Kila msiba alipita barabarani asubuhi na mwavuli wake, akasema, "Poleni jamani," akaendelea na safari yake. Hakuwahi kushika kisu akamenya hata kitunguu kimoja.

Hapo nasimama. Taja sifa za mhusika.

Nimesikia "ana maringo." Upande wa kwaya wamesema "hana utu." Mama mmoja hapa mbele amesema polepole, "huyo siku yake itafika." Sawa. Mtaa ule nao ulijibu hivyo hivyo, na siku yake ikafika.

Mama yake alifariki Jumatano mchana. Alhamisi asubuhi mwanamke alipiga hodi kwa mwenyekiti wa kina mama wa mtaa, mtu mchapakazi ambaye hakuna msiba uliowahi kumshinda. Miaka miwili nyuma yeye mwenyewe alikuwa amemzika binti yake wa miaka tisa, aliyegongwa na lori.

"Mama Mwenyekiti, mama amepumzika. Tunazika kesho saa nne."

"Pole. Tumesikia."

Mnajua tofauti ya "tumesikia" na "tunakuja." Mwanamke naye aliijua. Akashukuru, akaondoka.

Alasiri watu walikutana uani kwa mwenyekiti. Aliyeanza ni fundi seremala, mcheshi wa mtaa.

"Mimi kesho nina kabati la watu. Yule dada achimbe na mwavuli wake."

Watu wakacheka.

"Na tukienda," akadakia jirani yake, "atasimama pembeni atuambie 'poleni jamani' kwenye msiba wake mwenyewe."

Wakacheka tena. Mzee mmoja hakucheka. "Lakini aliyekufa ni bibi wa watu," akasema. "Yeye ametukosea nini?"

Mwenyekiti akamjibu kwa heshima. "Mzee wangu, bibi hajatukosea. Lakini maiti haijichimbii. Inachimbiwa na watu wa mwanawe, na huyu mwanawe hakutaka watu. Binti yangu alipolazwa pale sebuleni, nani alimwona huyu dada? Anyooshe kidole."

Hakuna aliyenyoosha. Mzee akatazama chini. Ikapitishwa hivyo: hakuna atakayekwenda.

Ni nani kati yetu angepinga? Mimi nakiri ningekaa kimya, nikiona haki imetendeka.

Ijumaa alfajiri, saa kumi na moja, mwenyekiti alipigiwa simu. Kaka yake, aliyekuwa amelazwa hospitalini, alikuwa amefariki. Ndugu walikwisha kupata gari la kumpeleka kijijini kwao, nalo lingeondoka saa tano. Saa moja na nusu mwenyekiti alifika mochwari na mfuko wa nguo: suti ya kijivu, shati jeupe, soksi. Mlango ulifunguliwa na mhudumu aliyevaa aproni ya plastiki, buti za mpira na barakoa. Mhudumu akaupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Pole sana, Mama Mwenyekiti."

Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia kutoka barabarani mara kumi na moja.

Mhudumu akashusha barakoa. Nyuma yake palikuwa na meza mbili. Kwenye moja alilala kaka, amekwisha kuoshwa na kunyolewa ndevu. Kwenye nyingine alilala mama mzee, bado amefunikwa khanga aliyotoka nayo nyumbani.

"Wewe si unazika leo?"

"Saa nne."

"Sasa mbona uko kazini?"

"Mwenzangu amesafiri, na kaka yako ana safari ndefu. Ngoja nimvalishe huyu kwanza, mama nitamwandaa nikimaliza. Huyu ana watu wanaomsubiri nje. Mama hana."

Ndugu zangu, hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayepanga kazi zake za asubuhi.

Mwenyekiti akaitazama ile aproni. "Uko hapa tangu lini?"

"Huu mwaka wa tisa."

Mwaka wa tisa. Mwenyekiti akarudi nyuma mwaka mmoja, akarudi wa pili, akasimama.

"Binti yangu," akasema.

"Ndiyo. Ni mimi."

Siku ile ya lori, daktari alikuwa amemwambia mwenyekiti asifungue jeneza, amkumbuke mtoto alivyokuwa. Kesho yake ukatoka ujumbe kutoka mochwari kwamba mama anaweza kumwona mwanawe. Alipomwona, mtoto alikuwa kama amelala. Mwenyekiti alimshukuru daktari, akamshukuru mchungaji. Hakuuliza ilikuwa mikono ya nani.

"Nilikaa naye saa saba," mwanamke akasema. "Nilimshona taratibu. Nywele za upande huu nikazisuka zikafunika upande ule."

Katika ile misiba kumi na moja, tisa ilikuwa imepita mikononi mwake. Wawili tu ndio waliofia mbali. Wafiwa wakiwa ni wa mtaa wake, alimaliza kazi akajificha ndani, na mwenzake ndiye aliyetoka kuukabidhi mwili.

"Kwa nini hukutuambia?" mwenyekiti akauliza. "Kwa nini hukuja hata siku moja ukakaa nasi?"

"Nilikotoka niliwaambia. Wakasema niwe nakuja msibani na kikombe changu. Baadaye wakasema nikae nje ya turubai. Nilipohamia kwenu nikaona heri nionekane nina maringo. Mwenye maringo bado anasalimiwa."

Mwenyekiti alitoka nje akampigia simu fundi seremala. Hawakuzungumza hata dakika moja. Kabati la watu likabaki bila milango. Habari ikapita nyumba kwa nyumba, na saa nne na robo watu wapatao arobaini walikuwa wanapanda kilima cha makaburini, wanaume na machepe begani, wanawake wamejifunga khanga viunoni, mwenyekiti mbele yao akihema.

Walikuwa wamechelewa. Kaburi lilichimbwa tangu jana yake na mtunza bustani wa hospitali na dereva wa gari la wagonjwa. Jeneza lilikuwa limekwisha kushuka. Pale juu palikuwa na watu wanne: mchungaji, dereva, mtunza bustani, na mwanamke mwenyewe, ameshika chepe, anarudisha udongo juu ya mama yake.

Hapa ningependa kumaliza. Watu wamejua, wamelia, wamekuja. Mwalimu wa fasihi angeridhika: mhusika tuliyemdhania mbaya kumbe ni mwema, na ujumbe ni kwamba tusihukumu. Tungeimba wimbo mmoja tukaenda kula. Lakini kuna jambo lililotokea baada ya hapo, na siwezi kuliruka.

Mwanamke aliwaona. Akaacha kazi, akamnyooshea chepe mtu aliyekuwa karibu naye, na aliyekuwa karibu ni fundi seremala.

"Karibu, baba."

Fundi akanyoosha mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu huyu, hakuja kuigiza. Na kabla hajalishika lile chepe, alikamata upindo wa shati lake, akaufuta mpini.

Hakukusudia. Mkono ulijiendea wenyewe. Alipotambua alichofanya akaganda, shati bado mkononi, na watu arobaini wanamtazama. Mwenyekiti akafunika uso.

Aliyesema kwanza ni mwanamke.

"Futa tu, baba, usione haya. Hata mimi mwezi wangu wa kwanza kazini nilikuwa nafuta."

Haya. Taja sifa za mhusika.

Mbona kimya?

Dakika chache zilizopita niliomba sifa, mkanipa majibu matatu kabla sijavuta pumzi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: mwanamke huyo, kila asubuhi ya msiba, alikuwa anakwenda wapi? Tuliona mwavuli ukipita, ukatutosha. Sisi ni hodari wa kukumbuka nani alikuja kwetu, nani alikaa siku tatu na nani alikaa saa moja, nani alilala na nani alirudi kwake. Lakini kuna chumba ambacho hatukuthubutu kuingia. Tuliwafikisha wapendwa wetu mlangoni, tukageuza uso, na mlango ukafungwa. Kuna mtu aliyebaki nao mle ndani. Umewahi kuuliza jina lake?

Na msimcheke fundi. Fundi ni sisi tukiwa tumekwisha kuhubiriwa. Kichwa kimejua, macho yamelia, miguu imepanda kilima, na mkono bado unafuta mpini. Tunaupokea wema pale tu unapokuja na mikono tuliyoizoea. Ukija na mikono ya mwosha maiti, ya mzoa taka, ya mama anayemhudumia mgonjwa ambaye ugonjwa wake hatutaki kuutaja, tunasema asante, kisha tunatafuta upindo wa shati.

Lakini yule mwanamke aliliona lile tendo, juu ya kaburi la mama yake, akamsitiri aliyelitenda. Mimi nilisomea kuchambua wahusika, na kwa mtu huyu sina neno. "Mwema" ni neno dogo.

Kwa hiyo leo sitawaachia ujumbe wa kuandika daftarini. Nina ombi. Ibada ikiisha tutatoka, tutajipanga pale mlangoni na kupeana mikono kama kila Jumapili. Mkono utakaokujia, ushike. Ushike wote, usiguse ncha za vidole. Usiulize umetoka wapi wala ulishika nini jana. Siku moja tutalala mahali tusipoweza kujigeuza, na mkono mmoja wa namna hiyo utakuja kutufumba macho. Siku hiyo hatutakuwa na nguvu ya kufuta kitu.